Bingwa mara kumi, na wale wa pembeni

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa Waswahili tunaoishi mashariki mwa Uholanzi. Walioshindwa kufika waliomba maandishi, nami nimeyaweka kama nilivyosema. Picha na video nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti, akina mama, ndugu zangu wa Kongo na Burundi mliotoka mbali na mvua hii, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, karibuni.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya kazi na maisha ya Ulaya. Nikamwambia nitazungumza juu ya pikipiki. Akaguna. Halafu akakubali, kwa hiyo mkichoka, lawama mpelekeeni yeye.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kusikia jina la Daniël Willemsen? Nyoosheni mikono. Mmoja tu? Na huo ni wa mwanangu, hauhesabiki.

Sasa sikilizeni. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1975 huko Lochem. Lochem hii hii, ambayo baadhi yenu mnaipita kila asubuhi kwenye treni ya kutoka Zutphen mkienda kazini. Na mtu huyu ni bingwa wa dunia mara kumi. 1999, mara ya kwanza. Kisha 2003, 2004, 2005, 2006, 2007, 2008, mfululizo, bila kupumua. Kisha 2010, 2011, 2012. Mara kumi! Katika mchezo wake hakuna aliyemfikia. Ungekuwa ni mpira wa miguu angejengewa sanamu Amsterdam. Lakini mchezo wake ni motokrosi ya pikipiki zenye kigari cha pembeni, na mchezo huo unaishi mashambani, kwenye matope na mchanga, kwa hiyo sisi watu wa treni hatumjui.

Mimi nimeujua kwa sababu ya kazi yangu. Ni mchomeleaji, vyuma ndiyo riziki yangu, na gerejini kwetu hawa jamaa huja na fremu zilizopasuka. Baadaye wakaniomba nijitolee kushika bendera kwenye kona siku za mashindano. Nikaenda, na sijaacha.

Ngoja niwaeleze hiyo mashine. Msifikirie kile kigari cha kwenye sinema za zamani, bwana mkubwa kaketi ndani na kofia yake, kakunja mikono. Hapa hakuna kiti. Kuna kisakafu cha bati, pana kiasi cha kusimama miguu miwili, na vyuma vya kushikia vilivyopindwa huku na huku. Pembeni kuna tairi la tatu, na tairi hilo halisukumwi na injini, linaburutwa tu. Huwezi kununua pikipiki dukani ukaifungia kigari ukaenda mbio. Fremu inaundwa upya tangu bomba la kwanza. Huku kwetu, pale Neede, ndipo ilipoanzia EML ya fundi Hennie Winkelhuis, na fremu zake zilijulikana kila nchi yenye mchezo huu. Waingereza walikuwa na Wasp yao. Injini nazo, kwa miaka mingi wengi wametumia Zabel ya Ujerumani, ambayo asili yake ni Maico: silinda moja, tu-stroki, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, karibu cc 700. Bodaboda yetu ya nyumbani ni cc 125 au 150. Fanyeni hesabu wenyewe. Na hiyo silinda ni moja, ndugu zangu. Ikipiga, unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Juu ya mashine hiyo wako watu wawili. Mmoja ni dereva: anasimama, anashika usukani, gesi, klachi na breki. Wa pili ni mwenzake wa pembeni. Huyo hana usukani, hana gesi, hana breki. Ana mikono yake, ana magoti yake, na uzito wake. Basi.

Anafanya nini?

Watu wa Lamu na Tanga mtanielewa upesi. Mnakumbuka mashua ikiwa kwenye mashindano, upepo umekaza, chombo kimelala, na vijana wanatambaa kwenye ule ubao unaotoka nje upande wa joshi, kule upepo unakotoka, wananing'inia juu ya maji ili chombo kisipinduke? Nahodha hawezi kushinda bila wao. Akithubutu kukaza tanga wao wakiwa wamekaa chini, wote wanaogelea. Kazi ya mwenza wa kigari ndiyo hiyo, ila hapa joshi inageuka kila baada ya sekunde chache.

Chukulia kigari kiko upande wa kulia. Mkiingia kona ya kulia, tairi la kigari linataka kunyanyuka, kwa hiyo mwenza anajitupa nje, kulia kabisa, makalio yako nje ya tairi, bega linakaribia kugusa ardhi. Kona ya kushoto ikija, mambo yamegeuka: sasa uzito wote unakimbilia kwenye kigari, tairi la nyuma la pikipiki linapoteza mshiko. Mwenza anavuka nyuma ya mgongo wa dereva, analala juu ya tairi la nyuma, kichwa chake kiko upande wa pili. Mkiruka kilima, ndiye anayeisawazisha mashine hewani ili itue kwa tairi zote. Mkitoka getini, pale mbio zinapoanzia, anaurudisha mwili nyuma ili tairi liume udongo. Kulia, kushoto, nyuma, juu, chini, kulia tena. Na kila mahali anapohamia, lazima mkono mmoja uwe umeshaachia chuma na mwingine haujaachia.

Mbio moja ni dakika 30, kisha mizunguko miwili ya ziada. Jumapili ya mashindano ya dunia kuna mbio mbili. Mashine 30 getini, geti linaanguka, na zote 30 zinataka kuingia kona ya kwanza ambayo inatosha nne. Mshindi anachukua pointi 25, wa pili 22, wa tatu 20. Jumamosi yake walishahangaika kutafuta nafasi ya getini.

Niwape kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama na bendera yangu ya njano, ile ya kuonya hatari, kwenye kona ya kushoto, kona mbaya, ina mfereji uliochimbwa na tairi kufika magotini. Ikaja mashine moja, vijana tu, si mabingwa. Mwenza alikuwa anavuka nyuma ya dereva kama kawaida, mguu ukateleza kwenye bati lenye matope. Akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, magoti yanaburuzwa chini. Mimi nimeshanyanyua bendera. Unajua dereva alifanya nini? Hakugeuza kichwa. Hakuangalia hata kidogo. Alipunguza gesi, kidogo tu, kiasi cha pumzi moja, akaishikilia mashine ndani ya mfereji mpaka yule kijana akajivuta juu, kisha gesi ikarudi. Aliijua hali ya mwenzake kwa makalio, kwa jinsi mashine ilivyobadilika uzito. Hakuna neno lililosemwa. Na hata lingesemwa, kwa kelele ile nani angesikia?

Baada ya mbio nikaenda pale walipoegesha vani yao. Mwenza alikuwa anavua glovu. Viganjani kwenye glovu hakukuwa na ngozi tena, imelika. Vidole vyote vimefungwa plasta, kila kimoja peke yake. Na suruali yake, akina mama mnisamehe, nyuma kulikuwa na tundu, kwa sababu ndipo tairi linapomsugua akilala juu yake. Mama yake alikuwa hapo na sindano na uzi, anangoja aivue. Mbio ya pili ilikuwa bado.

Sasa turudi kwa bingwa wetu wa Lochem. Mara kumi, tumesema. Lakini nawauliza: mara kumi pamoja na nani?

Mwaka 1999 pembeni yake alikuwa ndugu yake, Marcel Willemsen. Ndugu wa damu. Hili ni jambo la kawaida katika mchezo huu. Waswisi walikuwa na ndugu wa ukoo wa Hüsser mwishoni mwa miaka ya 1980, Walatvia walikuwa na akina Daiders, mmoja akiendesha na mwingine akiwa pembeni. Ukifikiri vizuri, nani mwingine atakubali kuning'inia nyuma ya mgongo wako kama si nduguyo? Lakini baada ya Marcel wakaja wengine. Akaja Kaspars Stupelis kutoka Latvia. Akaja Sven Verbrugge, Mbelgiji. Akaja Reto Grütter, Mswisi. Na wengine baada yao. Mholanzi mmoja, na pembeni yake nchi nzima nzima zinapokezana.

Ukilisoma jina la Willemsen kwenye vitabu vya rekodi, unaona safu ya miaka inayometa. Ukisoma safu ya pili, ya wenza, unaona watu wanaingia na kutoka. Kila aliyeingia ilibidi ajifunze upya mwili wa dereva yule: anafunga breki wapi, anapenda kuingia kona kwa ndani au kwa nje, akichoka anafanya nini. Na dereva naye ajifunze uzito mpya. Kilo tano zaidi, sentimita kumi pungufu, na mashine nzima imekuwa mashine nyingine. Ndiyo maana mimi ninamheshimu Willemsen kwa jambo ambalo si wengi wanalitaja. Kushinda ni jambo moja. Kushinda, ukabadilishiwa nusu ya mashine, ukashinda tena, ukabadilishiwa tena, ukashinda tena, hilo ni jambo lingine kabisa.

Lakini kuna njia nyingine, na nisipoitaja Walatvia hawatanisamehe. Kristers Serģis na Artis Rasmanis. 1997, 1998, 2000, 2001, 2002. Mabingwa wa dunia mara tano, watu wale wale wawili, hawakubadilishana na mtu. Ule mwaka 1999 wa Willemsen na Marcel uliingia katikati yao kama mtu aliyepenya kwenye foleni. Ukitaka kuhesabu kwa dereva, Willemsen anamshinda Serģis kumi kwa tano. Ukihesabu kwa jozi, hakuna jozi ya Willemsen iliyofika tano. Hakuna! Sasa niambieni, rekodi ni ya nani?

Mzee pale mbele anatikisa kichwa. Mzee wangu, hata mimi sina jibu, tutabishana wakati wa chai. Ila moyo wangu uko kwa Rasmanis.

Na Latvia hiyo, mnaijua ukubwa wake? Watu wake hawafiki milioni mbili. Nchi nzima ni watu wachache kuliko Mombasa na vitongoji vyake na Kilifi ukijumlisha. Lakini angalieni wenza: Rasmanis, Mlatvia. Stupelis, Mlatvia. Mwaka 2009, taji lilipotoka mikononi mwa Willemsen, likaenda kwa Joris Hendrickx wa Ubelgiji, na pembeni yake alikuwa nani? Kaspars Liepiņš. Mlatvia. Vijana wale wamekua na viwanja kama cha Ķegums, wakajua kazi, kisha wakavuka mipaka kwenda kuifanya kwenye mashine za watu wengine. Wanafika Uholanzi, wanafika Ubelgiji, lugha hawaijui, wanapewa bati la kusimamia na vyuma vya kushika, na wiki ile ile wanatakiwa wawe wanajua kila kona.

Nani humu ndani hajawahi kufika mahali pa kazi namna hiyo?

Nakumbuka wiki yangu ya kwanza gerejini. Msimamizi ananiambia jambo kwa Kiholanzi, mimi najibu "ja", yeye anaondoka, mimi namwangalia mwenzangu mikono yake inaelekea wapi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Macho kwenye mikono ya mwenzio. Kwa hiyo namwona Mlatvia pale juu ya bati, namjua.

Na msidhani wa pembeni kazi yake huisha dereva akimwacha. Stupelis niliyemtaja alikuwa bingwa na Willemsen mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2015, zaidi ya miaka kumi baadaye, akawa bingwa wa dunia tena, na dereva mwingine, Etienne Bax. Kizazi kingine cha dereva, mwenza yule yule. Magoti ya mtu yule sijui yameundwa kwa chuma gani, na mimi vyuma navijua. Mwaka 2013 mabingwa walikuwa Ben Adriaenssen wa Ubelgiji na Ben van den Bogaart wa Uholanzi. Ben na Ben. Mtangazaji siku hiyo alikuwa na kazi rahisi.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, kwa sababu na zenyewe ni fupi. Mchezo huu haumtajirishi mtu. Ubingwa wa dunia upo tangu 1980, Wajerumani Reinhard Böhler na Siegfried Müller wakiwa wa kwanza, na mwaka uliofuata Waholanzi Ton van Heugten na Frits Kiggen, lakini mpaka leo wengi wa wanaosimama getini Jumapili wako kazini Jumatatu. Fundi bomba, mkulima, dereva wa lori, mjenzi. Wadhamini wao ndio hao hao: duka la matairi la kijijini, mwuza mbolea, kampuni ya mjomba. Msimu mmoja unaweza kuwatoa Uholanzi mpaka Estonia, mpaka Ucheki, mpaka Ufaransa, ndani ya vani, baba anaendesha, mama amelala juu ya masanduku ya spea, na mashine imefungwa kamba katikati. Mtu akivunjika mkono, hakuna klabu ya kumlipa mshahara. Kuna nyumba yake na mwajiri wake, na mwajiri naye ana subira yake.

Kwa hiyo mkiona mtu amedumu miaka ishirini kwenye mchezo huu, msiangalie mikono yake peke yake. Angalieni nani alikuwa analipa kodi ya nyumba.

Nimeulizwa hapa, kwenye karatasi, na kijana mmoja: "Anko, kwenye orodha ya mabingwa yule wa pembeni anaandikwa?" Ndiyo, mwanangu. Wote wawili ni mabingwa wa dunia. Jina la dereva linatangulia, la mwenza linafuata, lakini taji ni moja na wote wanalivaa. Magazeti ndiyo yanayokata jina la pili ili kichwa cha habari kitoshe.

Swali lingine, hili ni la dada Mwanaisha, ameuliza kwa sauti kabla sijamaliza: "Dereva na mwenza wakigombana je?" Dada yangu, hilo nimeliona. Nimewaona wawili wamepigiana kelele kwenye hema mpaka majirani wakafunga zipu za mahema yao. Dakika 40 baadaye walikuwa getini. Na mwenza, mwenye hasira bado usoni, akavuka nyuma ya mgongo wa yule yule aliyekuwa anamtukana, akalala juu ya tairi, kwenye kona ya kwanza, kwa wakati wake, bila kuchelewa hata kidogo. Angechelewa makusudi, wangeumia wote wawili. Walimaliza wa sita, wakaendelea kugombana.

Sasa kwa wanaotaka kuja kuona. Msimu huanza majira ya kuchipua na kwenda mpaka Septemba, na hapa Uholanzi viwanja vipo karibu, Markelo, Oldebroek. Mkitaka mchanga wenyewe, mchanga wa kumeza tairi, tutavuka mpaka twende Lommel, Ubelgiji. Pale mchanga hubadilika kila mzunguko, mawimbi yanachimbika upya, mwenza hawezi kukariri chochote. Mimi napendekeza tuanze na hapa karibu, watoto waweze kurudi mapema.

Mkifika, msisimame kwenye kilima kama watu wote. Kilima kina picha nzuri lakini mtaona sekunde mbili tu. Tafuteni kona ya kushoto inayofuatwa mara moja na ya kulia. Simameni nje ya kamba, upande wa ndani wa kona ya pili. Msimwangalie dereva. Mwangalieni yule wa nyuma yake, mtaona anavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mkiwa na bahati mtaona mkono unaachia chuma kimoja kabla haujapata kingine. Kelele ni kubwa, watoto wachukuliwe vitu vya kuziba masikio.

Mwenyekiti ataandika majina mlangoni. Vani iliyokubaliwa ina nafasi nane, ya pili bado tunaitafuta. Tutaondoka hapa hapa ukumbini saa moja asubuhi, na ninaposema saa moja ninamaanisha saa moja, si ile ya kwetu ya kuchelewa. Vaeni viatu vya mpira, si raba nyeupe. Na chakula tubebe wenyewe. Chipsi za pale uwanjani zina bei ya dhahabu, na mama Saumu ameshaahidi mahamri.